Kunasa Hewa Ukaa Viwandani: Gharama Kubwa Ipo Kwenye Joto

Kunasa hewa ukaa ni utaratibu wa kutenganisha gesi ya kabonidayoksaidi na moshi wa kiwanda kabla haijafika angani, kisha kuihifadhi chini ya ardhi au kuitumia kama malighafi. Teknolojia hii inalenga zaidi viwanda vizito, vikiwamo vya saruji kama kile cha Songwe mkoani Mbeya.

Chanzo cha gesi

Mawe ya chokaa huchomwa katika tanuri hadi malighafi ifikie takriban nyuzi joto 1,450 za Selsiasi. Takriban asilimia 60 ya hewa ukaa inayozalishwa hutoka katika mawe yenyewe, si katika makaa. Hivyo, kubadili nishati pekee hakumalizi tatizo.

Mzigo wa nishati

Katika njia iliyozoeleka, moshi hupitishwa kwenye kimiminika cha kemikali kinachofyonza gesi. Kimiminika hicho hupashwa joto la takriban nyuzi 120 ili kiachie gesi na kutumika tena. Hatua hiyo ndiyo ghali: kila tani ya gesi huhitaji joto linalolingana na takriban uniti 1,000 za umeme.

Kituo cha kufua umeme cha Tosamaganga mkoani Iringa, kwenye Mto Ruaha Mdogo, kilijengwa kikiwa na uwezo wa takriban megawati 1.2. Umeme wake wote wa mwaka mzima, ukigeuzwa kuwa joto, ungetosha kunasa tani 10,500 hivi. Kiwanda kinachozalisha tani milioni moja za klinka kwa mwaka hutoa takriban tani 800,000.

Kutumia joto linalopotea

Nafuu hupatikana kwa kuvuna joto linalotoka na moshi wa tanuri. Kiwanda cha saruji cha Brevik nchini Norway, ambacho mtambo wake ulizinduliwa mwaka 2025, hutumia joto hilo kunasa hadi tani 400,000 kwa mwaka, takriban nusu ya hewa ukaa yake. Mmiliki wake, Heidelberg Materials, ndiye pia mwanahisa mkuu wa Twiga Cement ya Dar es Salaam.

Hatima ya gesi

Wilayani Rungwe, kabonidayoksaidi ya asili huvunwa ardhini na kuuzwa kwa watengenezaji wa vinywaji. Soko hilo ni dogo, na gesi ya soda hurudi angani chupa inapofunguliwa. Kwa hiyo, kabla ya kufunga mtambo, kiwanda hakina budi kupima mambo mawili: joto kinalopoteza, na miamba inayoweza kuhifadhi gesi hiyo.