Nyundo ya Daktari na Muhogo wa Tarime

Mwaka 1985, ukame ulipoibana Wilaya ya Tarime mkoani Mara, watu walianza kupooza miguu ghafla. Mtoto alilala mzima, asubuhi akashindwa kusimama. Miongoni mwa waliowachunguza alikuwa William Howlett, daktari bingwa wa neva katika Hospitali ya KCMC, Moshi. Nashikilia kwamba mjadala wa ugonjwa huu uliamuliwa kwanza na upimaji wa kwa mikono. Maabara ilikuwa na sehemu yake, lakini swali la kuiuliza lilitoka kwenye goti la mgonjwa.

Goti hilo likigongwa kwa nyundo ya mpira, mguu huruka kupita kiasi. Wayo ukisukumwa juu kwa nguvu, hudundadunda wenyewe. Anayeweza kutembea hukanyagia vidole, magoti yakisuguana, miguu ikipishana kama mkasi. Lakini hana ganzi, na mkojo anaweza kuuzuia. Sasa, neva za mwendo ziko ngazi mbili: za juu hutoka kwenye ubongo na kushuka katika uti wa mgongo, za chini huanzia hapo kwenda kwenye misuli. Za chini zikifa, kama katika polio, msuli hulegea na kukonda, goti halijibu. Hapa goti linajibu kupita kiasi, kwa hiyo polio inaondoka. Ule ugonjwa uliompata mwanafizikia Stephen Hawking nao haufanani, maana huharibu ngazi zote mbili na huzidi kadiri muda unavyokwenda, ilhali huu hupiga mara moja, ndani ya saa au siku chache, kisha mgonjwa hubaki hapo alipoachwa. Ndiyo maana makala ya Howlett, Brubaker, Mlingi na Rosling, iliyotoka mwaka 1990 katika jarida la Brain, iliuweka wazi kwenye kundi la magonjwa ya neva za mwendo za ngazi ya juu.

Jina walilotumia, konzo, ni la Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli alikuwa ameuandika tangu 1938. Hans Rosling naye alikuwa ameuona Msumbiji mwaka 1981, katika mkoa wa Nampula, ambako wagonjwa walizidi elfu moja. Wapo waliodhani ni virusi, na dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi: ugonjwa uliokumba familia nzima kwa msimu mmoja unafanana sana na wa kuambukiza. Ila familia huchangia pia sufuria moja, na ndani yake mlikuwa na muhogo.

Muhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini, ambayo huzaa sumu ya sianidi. Mwili huipunguza makali kwa kutumia salfa itokayo kwenye protini. Ukame hupiga pande zote: muhogo huzidi uchungu, samaki na maharage hutoweka, na njaa haingoji makopa yakauke. Huko Bandundu, nchini Kongo, hata haikuhitaji ukame. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilifanya muhogo utakiwe sokoni haraka, na kuloweka kwa siku tatu kukapunguzwa hadi siku moja. Kwa hiyo siwaelewi wanaoandika kana kwamba konzo ni ujinga wa akina mama. Mama anayepanda muhogo mchungu anajua analolifanya; nyani na mwizi hawauhangaikii. Anachokosa ni siku mbili.

Wanaopinga maelezo haya ya sianidi wana hoja moja nzito. Wengi hula muhogo huohuo na hawapoozi, na jinsi sumu hiyo inavyochagua neva za mwendo na kuziacha za hisia bado haijaelezwa kikamilifu. Nakubali. Lakini kinga haikulazimika kungoja jibu hilo. Howard Bradbury, mtafiti wa Australia, alipendekeza njia ambayo haidai hata chombo kipya. Unga mkavu hutiwa kwenye beseni, alama ikachorwa ndani pale unga unapoishia. Maji huongezwa na kukorogwa. Unga hunywea kwanza, kisha hupanda tena mpaka kwenye alama. Hutandazwa mkekani, unene usiozidi sentimita moja, saa mbili juani au tano kivulini, sianidi ikapaa na hewa. Katika kijiji cha Kay Kalenge, huko Kongo, wanawake waliufanya hivyo unga wao kila siku, na muda wote wa mradi hakuna aliyepooza upya. Waliopooza kabla yake walibaki na ulemavu wao.