Dawa ya Ng'ombe Iliyofunua Mafigo

Katika viungo alivyojaaliwa mwanadamu, figo ni katika vile vilivyositirika mno, kwani limejibanza nyuma ya matumbo, kando ya uti wa mgongo, wala mkono wa tabibu haulifikii aghalabu ila likiwa limevimba. Kwa hiyo mabingwa wa tiba, tangu Wayunani hadi Ibn Sina na waliomfuata, walilihukumu kwa kutazama rangi ya mkojo na mashapo yake chupani, hukumu ambayo mara ilisadifu na mara ikawa ramli tupu.

Röntgen alipovumbua miale yake ya eksirei huko Würzburg mwaka 1895, haukupita mwaka ila John Macintyre wa Glasgow alikwisha kupiga picha ya kijiwe ndani ya figo. Walakini kilichoonekana ni kijiwe chenye chokaa, na figo lenyewe lilibaki kivuli hafifu. Mwaka 1906 Voelcker na von Lichtenberg, huko Ujerumani, walipitisha mpira mwembamba kibofuni hadi karibu na figo, wakamimina maji yenye fedha: picha ilipatikana, lakini kwa maumivu makali, na wako wagonjwa waliofariki.

Faraja ilitoka pasipotazamiwa. Mwaka 1923 matabibu wa Mayo Clinic, Marekani, waliokuwa wakitibu kaswende kwa chumvi ya aidini, walitambua kwamba kibofu cha mgonjwa kimedhihirika pichani, kwa kuwa aidini huzuia miale, na mafigo ndiyo yanayoitoa mwilini. Siri yote ilikuwa hapo. Ila chumvi ile haikutoa picha safi, na kuizidisha kulimdhuru mgonjwa.

Wakati huo Binz na Räth, wanakemia wa chuo cha kilimo mjini Berlin, walikuwa wakitengeneza dawa za aidini, na miongoni mwake zilikuwamo za kutibu ng'ombe wenye maradhi ya kiwele. Moses Swick, tabibu kijana wa New York aliyekuwa Altona, Ujerumani, akisoma kwa tabibu Lichtwitz, alipoona dawa hizo zikipewa wagonjwa, akawaza kuzitumia si kwa kuponya bali kwa kuonyesha. Akazijaribu kwa sungura, kisha akahamia Berlin katika idara ya yule yule von Lichtenberg, na mwaka 1929 dawa iitwayo Uroselectan ikatangazwa: ikidungwa mshipani, figo zima huichuja upesi na kujichora lenyewe, na lililozibika huchelewa, hata picha ikaeleza umbo na kazi pamoja.

Hapo ndipo ugomvi wa sifa ulipozuka kati ya mkubwa na mwanafunzi, na jina la mkubwa, kama ada ya dunia, likatangulia. Mimi namwelemea Swick, kwani shauri la kuitazama dawa ile kwa jicho jingine lilikuwa lake, ingawa bila ya hospitali na wagonjwa wa von Lichtenberg lisingalifika mbali. Von Lichtenberg, aliyekuwa wa nasaba ya Kiyahudi, aliihama Ujerumani ya Hitler, akafariki Mexico mwaka 1949. Swick naye alingoja hadi miaka ya 1960 ndipo madaktari wenzake wa New York walipomtunukia nishani.