Eagles Walipohamia Walmart

Mwishoni mwa Oktoba 2007, mtu aliyeitaka albamu mpya ya Eagles hapa Marekani hakuwa na sababu ya kwenda duka la muziki, kwani asingeikuta. Alipaswa kwenda Walmart, lile lile ambalo wengi wetu klabuni hununulia mchele Jumamosi, apite penye sabuni na matairi, achukue CD mbili kwa dola 11 na senti 88. Asipotaka hivyo, kulikuwa na Sam's Club, ambalo ni la kampuni hiyo hiyo, au tovuti ya bendi. Long Road Out of Eden ilikuwa albamu yao ya kwanza kamili ya studio tangu 1979.

Ili kuelewa uamuzi huo, tuangalie kwanza desturi ya biashara yenyewe. Kampuni ya kurekodi hutanguliza fedha za studio, hutangaza na kusambaza, kisha hujilipa gharama zile kutoka katika mrabaha wa mwanamuziki. Mara nyingi rekodi hubaki mali ya kampuni hata baada ya deni kwisha. Don Henley, mpiga ngoma na mwimbaji wa Eagles, aliupinga utaratibu huo waziwazi. Mwaka 2000 yeye na Sheryl Crow walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Recording Artists' Coalition, muungano wa kutetea haki za wanamuziki. Basi kwa soko la Marekani Eagles wakaitoa albamu wenyewe, wakampa muuzaji mmoja.

Garth Brooks, mwimbaji wa muziki wa kantri, alikuwa amewatangulia kwa mkataba na Walmart mwaka 2005. Hata hivyo, ni Eagles walioushtua ulimwengu wa muziki: nakala 711,000 katika wiki ya kwanza. Jarida la Billboard lilikuwa halihesabu albamu iliyouzwa na duka moja tu katika orodha yake kuu. Likabadili kanuni wiki ile ile, na Britney Spears, aliyekuwa ameuza takriban 290,000, akajikuta wa pili.

Mwaka uliofuata Journey wakapita njia hiyo, kisha AC/DC, ambao Black Ice yao iliuza 784,000 katika wiki ya kwanza. Lakini AC/DC walikuwa bado chini ya Columbia. Kampuni ya kurekodi ilikuwa imerudi mezani, imekaa kando ya duka, na ile hoja ya kumkwepa mtu wa kati ikawa imeyeyuka. Novemba 2008, Best Buy nao wakapewa Chinese Democracy ya Guns N' Roses. Walinunua nakala milioni 1.3 bila haki ya kuzirudisha. Wiki ya kwanza zikatoka 261,000.

Linalonisumbua mimi ni lango la duka lenyewe. Walmart hawakuuza albamu zenye kibandiko cha kuwaonya wazazi. Miaka ya tisini Nirvana walikubali jalada la In Utero libadilishwe, pamoja na jina la wimbo mmoja, wakijua kwamba katika miji midogo kama waliyokulia kijana hakuwa na duka jingine la kununulia muziki. Na mwaka 1996 albamu ya Sheryl Crow, ndiyo, huyo huyo mwenzake Henley, ilikataliwa na Walmart kwa sababu wimbo mmoja uliligusa duka hilo kuhusu bunduki na watoto. Henley aliruka majivu; sina hakika kama hakukanyaga moto. Albamu yake mwenyewe ina wimbo wa kukosoa tamaa ya wafanyabiashara, uitwao Business as Usual, na uliuzwa katika rafu hizo hizo.

Tena mlango huu haukuwa wa kila mtu. Waliofunguliwa walikuwa wakongwe ambao kampuni zile zile walizozilaumu zilikuwa zimewajengea jina kwa miongo. Bendi changa ya mtaani ilitegemea duka dogo la muziki, na maduka hayo yalikuwa yakifungwa. Hata Tower Records, lililokuwa kubwa, lilifunga maduka yake Marekani mwaka 2006.

Mei 2009 Walmart walitaka toleo lililosafishwa la 21st Century Breakdown. Green Day wakakataa. Albamu haikuwekwa katika rafu hata moja ya Walmart, na ikaingia katika orodha ya Billboard ikiwa namba moja.