Sumu isiyonuka katika jiko la makaa

Kamere, makazi ya wafanyakazi wa mashamba ya maua kusini mwa Ziwa Naivasha, iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku huko ni kali. Mvuke wa Olkaria, kilomita chache kutoka hapo, umezalisha umeme tangu 1981, lakini kwa mpangaji wa chumba kimoja makaa ndiyo hupika na ndiyo hupasha joto.

Wahandisi wa kemikali huchukulia makaa yaliyo jikoni kuwa tabaka la chembe: vipande vigumu vilivyorundikwa pamoja, hewa ikipenya katikati yake huku ikibadilika. Tanuri za chokaa na za chuma huchunguzwa kwa kanuni hizo hizo.

Hewa huingia kwa chini, ikiwa na oksijeni asilimia 21. Oksijeni hiyo huliwa upesi na vipande vya chini, ikawa kaboni dioksidi. Gesi hii inapopanda hukuta makaa mekundu pasipo oksijeni. Joto likizidi nyuzi 700 hivi za selisiasi, hunyakua kaboni zaidi na kugeuka kaboni monoksidi. Badiliko hilo hubeba jina la mkemia Mfaransa, Octave Boudouard. Gesi hiyo ikipata hewa juu ya jiko ingali moto, huungua kwa ndimi za samawati. Isipoungua, huingia chumbani.

Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa hiyo wanaosubiri moshi uishe ndipo waingize jiko ndani hujidanganya: moshi ulikuwa onyo, sumu imebaki.

Kuyapima haya si kazi nyepesi. Jiko huwekwa juu ya mizani ili kujua makaa yanapungua kwa kasi gani, na vipimajoto vya nyaya hupenyezwa katika vina mbalimbali. Gesi hufyonzwa kwa mirija myembamba, nayo ni lazima ipozwe papo hapo. Vinginevyo huendelea kubadilika mle mirijani, na kipimo kikadanganya.

Penye ugumu wa kupima, hesabu husaidia. Tabaka hugawanywa katika matabaka membamba, kila moja likifanyiwa hesabu ya joto, gesi na kaboni. Ukinzani dhidi ya hewa hukadiriwa kwa mlinganyo alioutoa Sabri Ergun mwaka 1952. Hewa ikienda polepole, kupunguza upana wa vipande kwa nusu huongeza ukinzani mara nne. Ndiyo sababu makaa yenye vumbi jingi hufifia. Hesabu nyingi huchukulia vipande kuwa mviringo na sawa, jambo ambalo hakuna gunia la makaa linaloliafiki.

Jiko la kauri lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980 huhifadhi joto na kupunguza matumizi ya makaa, lakini halikomeshi gesi hiyo. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa kaboni monoksidi usizidi miligramu 4 kwa kila mita ya ujazo kwa saa 24.

Makaa yaliyofunikwa majivu usiku huendelea kuitoa. Wakati huo ndimi za samawati zimekwisha kuzimika, na hakuna tena cha kuiunguza.