SSD iliyotumika: namna ya kuirejesha kazini bila kuhatarisha nyaraka za familia

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro kusini-magharibi mwa Uganda, ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya aina yake barani Afrika. Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali ni baadhi ya wanaoishi humo, na Kiswahili huwaunganisha wengi wao. Kwa mtu aliyekimbia vita, picha ya cheti cha shule iliyomo katika kompyuta huenda ndiyo nakala pekee iliyosalia, kwani shule iliyokitoa iko ng'ambo ya mpaka, au haipo tena.

Kompyuta kuukuu hupata kasi mpya hadi diski yake inapobadilishwa kwa SSD, hata kama SSD hiyo imetolewa katika kompyuta nyingine iliyokufa. Hata hivyo, kabla ya kuikabidhi nyaraka, ni muhimu kuielewa.

Huchakaa vipi?

SSD haina sehemu inayozunguka. Huhifadhi data katika chipu, na kila seli huweza kufutwa na kuandikwa upya kwa idadi ya mara yenye kikomo. Hadi diski mara nyingi hutoa sauti au hupunguza kasi kabla ya kufa. SSD huweza kutoweka ghafla, kompyuta isiitambue tena.

Ipime kwanza

Kwenye Windows, programu ya CrystalDiskInfo huonyesha afya ya diski na kiasi cha data kilichokwisha kuandikwa. Kwenye Linux, smartctl hufanya kazi hiyo. Linganisha kiasi hicho na kikomo kilichotajwa na mtengenezaji. Ikiwa makosa yanaongezeka, usiitumie kuhifadhi chochote cha thamani.

Ukinunua diski dukani, iwe Mbarara au kwingineko, ijaze yote kwa H2testw au F3. Zipo diski bandia zinazodai ukubwa zisio nao. Hakikisha pia kwamba umbo na aina yake, SATA au NVMe, vinakubaliwa na kompyuta yako.

Ipe kazi inayoifaa

SSD iliyotumika hufaa kubeba mfumo endeshi na programu, vitu vinavyoweza kuwekwa upya. Haifai kufungiwa sandukuni kwa miaka kama hazina ya kumbukumbu. Isipopata umeme, chaji iliyomo katika seli huvuja polepole, na joto huongeza kasi hiyo. Kiwango cha JEDEC kwa SSD za kompyuta za kawaida ni kwamba diski iliyofikia kikomo chake cha kuandikwa itunze data kwa mwaka 1 bila umeme, katika nyuzi joto 30.

Umeme ukikatika ghafla wakati wa kuandika, mafaili huweza kuharibika. Palipo na umeme wa jua, zima kompyuta kabla betri haijaisha.

Nakala tatu

Kanuni inayofahamika ni hii: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Ya kwanza ibaki katika kompyuta. Ya pili iwe katika hadi diski ya nje, inayochomolewa kila baada ya kunakili. Ya tatu ikae kwa ndugu aliyeko Mbarara au ughaibuni, au katika hifadhi ya mtandaoni.

Nyaraka za ukimbizi hutaja majina, jamaa na safari za watu. Nakala zinazotoka nyumbani zifungwe kwa usimbaji fiche, na nenosiri litunzwe mbali nazo.

Kabla ya kuiuza au kuigawa

Kufuta mafaili hakutoshi, kwani SSD huweza kubakiza data katika seli ambazo kompyuta haizioni. Tumia programu ya mtengenezaji yenye amri ya kufuta diski nzima kwa usalama.

Mwisho, fungua nakala zako mara kwa mara katika kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa haiwezi kutegemewa.