Makimbilio ya Wageni: Habari za Kanisa la Tucson



Baada ya hesabu za fedha za mwaka, tumeona vema kuweka hapa habari ya Wakristo waliojaribiwa kwa jambo linalotuhusu sisi tunaojiita chama cha kusaidiana. Mgeni akibisha mlangoni pamoja na watoto wake, na sheria yataka arudishwe kwao, yatupasa kufanya nini?

Jambo hili lilitukia Tucson, katika jimbo la Arizona, Marekani, karibu na mpaka wa Meksiko. Familia nyingi zilikuwa zikikimbia vita na mauaji katika El Salvador na Guatemala. Huko El Salvador, tarehe 24 Machi 1980, Askofu Mkuu Oscar Romero alipigwa risasi akiongoza Misa. Mwezi wa Julai mwaka ule ule, wakimbizi 13 wa nchi hiyo walikufa katika jangwa la Arizona, na makanisa ya Tucson yakawapokea wenzao waliookoka. Lakini Serikali iliwahesabu wakimbizi hao kuwa watafuta kazi tu. Mwaka 1984 Wasalvador waliokubaliwa hifadhi hawakufika 3 katika kila waombaji 100.

Hapo kwanza Mchungaji John Fife wa kanisa la Southside Presbyterian, na Jim Corbett, mfugaji wa Kanisa la Marafiki, lile lililofika kwetu Kaimosi mwaka 1902, waliwasaidia wakimbizi kwa siri. Kisha shauri likaletwa mbele ya washirika wa Southside, wakapiga kura, na wengi wakakubali. Tarehe 24 Machi 1982, miaka miwili kamili tangu kifo cha Romero, walitangaza hadharani kwamba kanisa lao ni makimbilio, nao walikwisha kumwandikia barua Mwanasheria Mkuu wa Serikali kumjulisha. Mamia ya makanisa na masinagogi yakafuata.

Gharama yake haikuwa ndogo. Wapelelezi waliingia katika mikutano yao wakiwa wameficha mashine za kunasa sauti. Watu 11 walisimamishwa kortini, na mwezi wa Mei 1986 wanane walionekana na hatia, Fife akiwa mmoja wao, Corbett aliachiliwa. Wale wanane hawakutiwa gerezani, bali waliwekwa chini ya uangalizi. Nayo makanisa yalikuwa yameishtaki Serikali mwaka 1985. Kesi hiyo ilimalizika kwa mapatano mwaka 1991, na Wasalvador na Waguatemala wengi waliokuwa wamekataliwa wakapata kusikilizwa upya.

Wako wasemao kwamba Mkristo hutii mamlaka, kama Paulo alivyowaandikia Warumi. Neno hilo hatulidharau. Lakini tuangalie jinsi watu wale walivyotenda: walipiga kura, wakaandika barua, wakafungua milango, na walipoitwa kortini wakaenda. Anayevunja sheria kwa faida yake hafanyi hivyo.

Wala hatusemi kwamba kila asemaye anakimbia mauti husema kweli. Twasema asikilizwe kwanza, kwa kuwa aliyekwisha kurudishwa mikononi mwa wauaji hawezi kukata rufani. Wazee wetu, katika mabaraza yenu mtu hahukumiwi kabla ya kusema neno lake. Makanisa ya Tucson yalidai jambo hilo hilo kwa ajili ya wageni.