Chuma cha Bara na Chumvi ya Pwani

Ndugu Mhariri aliponiandikia kuniomba makala ya historia kwa ajili ya jarida la mkutano wetu, nadhani alitazamia niandike habari za shule yenyewe: nani alikuwa mwalimu mkuu wakati gani, na bweni lipi lilitangulia kujengwa. Kazi hiyo wako wenzangu wanaoiweza kuliko mimi, ambao kumbukumbu zao hazijaingiwa na mchwa. Mimi nimeona heri niandike historia ya kitu kidogo ambacho wengi wetu hukiegemea bila kukifikiria, nacho ni ukingo wa roshani, yaani zile mbao au vyuma vinavyomzuia mtu asianguke kutoka ghorofani.

Sababu ya kuchagua jambo hili ni ya nyumbani kwangu. Nilipohamishiwa Bagamoyo kikazi nilijenga nyumba ya ghorofa moja, si mbali na bahari. Madhali mimi ni mtu wa Mbozi na nina imani na mafundi wa kwetu, vyuma vya roshani niliviagiza Tunduma, vikachomelewa huko na kusafirishwa kwa lori zaidi ya kilomita 900. Vilikuwa vyuma vizuri, vimepakwa rangi nyeusi, vimekunjwa maua. Majirani walikuja kuvitazama, nami sikuwazuia.

Mwaka wa nne mama yangu mzazi alikuja kutusalimu. Asubuhi moja alitoka roshanini na mkeka ili aukung'ute, akaegemea. Nguzo ya pembeni ikakatika miguuni kama muhogo uliooza. Kwa rehema za Mungu, mama aliuachia mkeka akarudi nyuma, akaketi sakafuni. Mkeka na kipande cha chuma vikaanguka uani, mahali ambapo watoto walikuwa wametoka kucheza dakika chache kabla. Nilipofika mbio alikuwa bado ameketi. Akaniambia, "Mwanangu, chuma chako kimeoza." Nilitaka kumjibu kwamba chuma hakiozi, lakini ushahidi ulikuwa umelala pale chini.

Kwa mtu wa Mbozi jambo hilo lilikuwa na uchungu wake. Sisi ni watu wa chuma tangu kale. Wanyiha walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma kwa makaa katika tanuri za udongo, na majembe ya wahunzi wao yalilima mashamba ya nchi hii kabla majembe ya kigeni hayajaingia na kuizima kazi hiyo. Jirani zao Wafipa nao walijulikana kwa tanuri ndefu kupita kimo cha mtu. Tena tunacho Kimondo chetu kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, bonge la tani zipatazo 12, ambalo takriban asilimia 90 yake ni chuma. Wageni walikuja kulifahamu mwaka 1930, ingawa wenyeji walilijua zamani. Sisi tulipopelekwa kulitazama tulipokuwa wanafunzi (wakati huo tukiwa bado Mkoa wa Mbeya, maana Songwe ilikuja kuwa mkoa mwaka 2016) tulipanda juu yake na kupiga kelele. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini chuma kile, kilichonyeshewa mvua zisizohesabika, hakijageuka unga. Sehemu ya jibu ni nikeli iliyomo ndani yake. Sehemu nyingine ni hewa ya kwetu. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, nusu ya mwaka hakunyeshi, na hakuna chumvi angani. Dirisha la chuma lililopakwa rangi mara moja huweza kumkuta mjukuu wa aliyelipaka. Fundi wangu hakunidanganya hata kidogo. Alitengeneza chuma cha Tunduma, na mimi ndiye niliyekipeleka Bagamoyo.

Baada ya tukio lile nikawa mtu wa kutazama roshani za watu. Nilipokwenda Unguja kwa shughuli za ofisi nilikuwa nikitembea Mji Mkongwe nimeinua shingo, hata mwenyeji wangu akaniuliza kama natafuta chumba cha kupanga. Nilichojifunza huko ndicho ninachotaka kuwaeleza.

Nyumba ya mawe ya Mswahili wa zamani, kama zile za Lamu, haikuwa na roshani ya kutazama njiani. Ilitazama ndani, kwenye kiwanda chake, na kuta za nje zilikuwa tupu. Kwa nje palikuwa na baraza tu, na anayeketi barazani hana pa kuanguka. Upana wa vyumba uliamuliwa na boriti za mikoko zilizotoka Rufiji na Lamu, ambazo aghalabu hazikuruhusu chumba kuzidi mita 3 hivi. Neno roshani lenyewe asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni mwanga. Roshani za kuning'inia juu ya njia zilienea katika karne ya 19, hasa kwa wafanyabiashara waliotoka India, waliojenga duka chini na makazi juu, nao wakataka upepo na kuona yanayopita. Walizijenga kwa mbao zilizochongwa.

Mfano bora ni jumba la Tharia Topan karibu na bandari, linaloitwa hata leo Dispensari ya Zamani. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, likusudiwe kuwa hospitali. Tajiri huyo alifariki mwaka 1891 kabla halijakwisha, na mjane wake akalikamilisha mwaka 1894. Baadaye jengo lilichakaa vibaya, hata katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulipolifufua, kazi ilichukua miaka kadhaa. Lakini angalieni jinsi roshani zake zilivyopangwa. Kila moja ina paa juu yake. Vipande vya mbao vimechomekwa kimoja ndani ya kingine, na kipande kikiharibika seremala huweza kukitoa na kuchonga kingine kama hicho bila kugusa ukuta. Ndiyo maana mbao zile, zilizotazamana na bahari kwa miaka zaidi ya 100, ziliweza kurudishwa mahali pake.

Sasa vukeni hatua chache tu mpaka Beit-al-Ajaib. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa mtu wa mambo mapya. Alikwisha kuishi Bombay, na mwaka 1875 alitembelea Uingereza. Mwaka 1883 akajenga jumba ambalo watu waliliita la maajabu, na kwa kweli lilistahili: vyumba vipana ambavyo boriti za mikoko zisingeweza kuvibeba, na baraza pana kuzunguka pande zote, orofa juu ya orofa, zikishikwa na nguzo ndefu za chuma cha kusubu. Ndani ya sakafu na dari mlitiwa mihimili ya chuma. Baadaye jumba likawa la kwanza Zanzibar kupata taa za umeme.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga ikulu ya Sayyid Khalid kwa muda wa dakika 40 hivi. Beit al-Hukm lililokuwa jirani liliharibiwa lisitengenezeke, na mnara uliokuwa mbele ukaangushwa. Beit-al-Ajaib lilipata madhara madogo tu, na baadaye likawekewa mnara wa saa mbele yake. Hatimaye likawa ofisi za serikali ya Waingereza, na baada ya Mapinduzi ya 1964 likatumika kwa kazi za chama, mpaka likaja kuwa makumbusho. Mizinga haikuliweza.

Kilicholiweza hakikupiga kelele. Mwaka 2012 sehemu ya baraza ilianguka. Mwaka 2014 jumba liliingizwa katika orodha ya kimataifa ya majengo yaliyo hatarini. Kisha tarehe 25 Desemba 2020, likiwa limo katika matengenezo, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo likianguka sababu huwa nyingi: paa huvuja, fedha huchelewa, barua hukaa katika majalada (hapo nasema kama mtumishi wa serikali anayeyajua majalada). Lakini yeyote aliyewahi kuvunja ukuta wa pwani wenye chuma ndani yake anajua kinachotokea humo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara 2 na zaidi. Chuma kikishika kutu ndani ya chokaa au zege huvimba, hupasua kinachokizunguka, maji ya chumvi huingia kwenye ufa, na kutu huongezeka. Kwa nje rangi huwa bado nzuri.

Wanafunzi mlioko shuleni sasa mnalijua jambo hili kuliko mnavyodhani. Katika maabara tuliwekewa misumari ndani ya neli za kioo: mmoja katika hewa kavu, mmoja katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa mafuta, mmoja katika maji ya kawaida, na mmoja katika maji ya chumvi. Baada ya siku chache miwili ya kwanza ilikuwa inang'aa, wa tatu una kutu, na wa nne alikuwa hatazamiki. Nililijibu swali hilo katika mtihani na kupata alama zote. Sikujua kwamba Tunduma ni neli ya kwanza, au tuseme baina ya ya kwanza na ya tatu, na kwamba Bagamoyo ni ya nne. Upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi hunyonya unyevu wa hewani hata siku isiyo na mvua, na chuma hukaa kimelowa usiku kucha bila mtu kumwaga tone la maji.

Nilipovikagua vyuma vyangu vyote nikakuta hadithi moja kila mahali. Juu, mtu anaposhika na kuona, vilikuwa salama. Vimeliwa miguuni, pale nguzo ilipozikwa katika saruji, mahali saruji ilipofanya kikombe kidogo cha kutuama maji. Tena nguzo zilikuwa bomba tupu ndani, hazikutobolewa chini, kwa hiyo unyevu ulioingia kwenye tundu la uchomeleaji haukupata pa kutokea. Vyuma viliozea ndani vikaja nje.

Katika kutengeneza upya nilishauriwa mengi. Chuma kilichochovywa katika zinki kinafaa, kwa kuwa zinki hujitoa mhanga na kuliwa kwanza. Ila kisichomelewe baada ya kuchovywa, maana moto huiondoa zinki pale pale penye kiungo, na moshi wake unamdhuru fundi. Kichomelewe kwanza, kisha kichovywe kizima. Chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi, kipo cha aina nyingi. Ile namba 304 inayouzwa sana hutoa madoa ya rangi ya chai karibu na bahari. Inayotakiwa ni 316, iliyotiwa molibdeni, na bei yake iliniketisha chini kama mama. Tahadharini na muuzaji anayewathibitishia kwa sumaku, kwani sumaku haitofautishi 304 na 316.

Mwisho nilirudi kwa maseremala. Nilichagua mbao za mvule, ambazo mchwa hawazipendi, na kutumia 316 kwenye skrubu na viatu vya nguzo peke yake. Viatu hivyo vimeinua kila nguzo sentimita 3 kutoka sakafuni, ili mguu wa mbao usinywe maji, na sakafu imeinamishwa kuelekea nje. Mbao ya juu imepigwa randa ikawa ya mviringo, maji yasikae. Fito zimesimama wima, kwa sababu fito za kulala ni ngazi kwa watoto, na nafasi kati yake haifiki sentimita 10. Kimo ni mita 1.1. Halafu nikafanya kile ambacho mafundi wa Tharia Topan walianza nacho, nami nilikisahau: nikaezeka paa juu ya roshani. Kila mwaka kabla ya masika nazipaka mafuta, na nguzo moja moja naitikisa kwa mkono.

Mama amekuja mara mbili tangu wakati huo. Mara ya kwanza alikung'utia mkeka uani. Mara ya pili alipanda, akaitikisa nguzo mwenyewe, kisha akaegemea.

Kipande kilichokatika sikukiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nimekikata kwa urefu ili ndani paonekane, na katika mkutano huu nimekileta kwa mwalimu wa kemia. Kitawekwa maabara, karibu na zile neli za misumari.